Amepata Daraja la Kwanza: Je, Chuo Kimepatikana?

 

Katika miaka ya karibuni matokeo ya kidato cha sita hapa Tanzania yamekuwa yakitangazwa mwezi wa Julai. Siku hiyo nyumba nyingi hugawanyika makundi mawili. Ziko nyumba zinazopiga vigelegele, simu inapita kwa shangazi na wajomba, na kuku wa sherehe anakamatwa, kwa sababu mtoto amepata daraja la kwanza. Na ziko nyumba zinazonyamaza. Mtoto amejifungia chumbani, baba anasoma gazeti lile lile mara mbili, na mama anapika bila kusema neno, kwa sababu mtoto amepata daraja la tatu.

Huenda nyumba zote mbili zimefanya haraka. Mtoto wa vigelegele anaweza kuikosa kozi aliyoiomba, na mtoto aliyejifungia chumbani anaweza kuwa na sifa kamili za kuingia chuo kikuu bila wazazi wake kujua. Hili hutokea kwa sababu tunasoma daraja, na chuo kinasoma kitu kingine. Mwezi huu nataka tukae pamoja, tuchukue kalamu na daftari, tujifunze kuyasoma matokeo hayo kama ofisi ya udahili inavyoyasoma. Si kazi ngumu. Mama anayeweza kupiga hesabu ya duka au ya upatu anaiweza.

Pointi za aina mbili

Jambo la kwanza linalowachanganya wazazi ni neno "pointi". Kuna pointi za Baraza la Mitihani na kuna pointi za vyuo vikuu, na zinakwenda kinyume.

Baraza la Mitihani la Tanzania linapopanga madaraja huhesabu hivi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Hujumlishwa masomo matatu ya mchepuo, yaani yale yanayounda PCB, HGL, EGM na mingineyo. General Studies haimo katika hesabu hiyo. Jumla ya 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, na 18 hadi 19 la nne. Anayefika 20 au 21 hana daraja. Hapa pointi chache ndizo nzuri.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo ndiyo inayosimamia udahili, huhesabu kwa kugeuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. S hupewa nusu pointi, na F haina kitu. Hapa pointi nyingi ndizo nzuri.

Basi baba akisikia kwamba kozi fulani inataka "pointi 6", naye anajua mwanawe ana "pointi 12" katika karatasi ya matokeo, anaweza kufurahi bure au kusikitika bure, kwa kuwa namba hizo mbili hazizungumzi lugha moja.

Iko njia nyepesi ya kugeuza. Kama mtoto amefaulu masomo yake yote matatu kwa E au zaidi, chukua 18, kisha toa pointi zake za daraja. Kinachobaki ndicho anachohesabiwa na chuo kwa masomo hayo matatu. Mwenye daraja la kwanza la pointi 3, yaani A tatu, ana 15 upande wa chuo. Mwenye daraja la kwanza la pointi 9 ana 9. Mwenye daraja la pili la pointi 12 ana 6. Kukiwa na S au F njia hii haifai, hesabu somo moja moja.

Tazama jambo hilo vizuri, mama. Daraja la kwanza ni refu. Linaanzia kwa mtoto mwenye pointi 15 za chuo na kuishia kwa mwenye pointi 9. Wote wawili wamepigiwa vigelegele, lakini wakipanga foleni mbele ya mlango mmoja, mmoja yuko mwanzo na mwingine yuko nyuma sana.

Daraja moja, nafasi mbili

Sasa tuje kwa wale walionyamaza. Kiwango cha chini cha Tume kwa mhitimu wa kidato cha sita anayetaka kusoma shahada ya kwanza ni kufaulu masomo mawili kwa E au zaidi, na masomo hayo mawili yawe na jumla ya pointi 4 au zaidi. Tena yawe ni yale yanayotakiwa na kozi yenyewe.

Tuchukue mfano wa wasichana wawili wa mchepuo wa HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Wa kwanza amepata E, E na E. Wa pili amepata D ya Historia, D ya Kiingereza na F ya Jiografia. Kwa hesabu ya Baraza, wa kwanza ana 5 na 5 na 5, jumla 15. Wa pili ana 4 na 4 na 7, jumla 15 vile vile. Wote ni daraja la tatu, pointi 15. Majirani watasema wamefanana.

Lakini chuo kinaona tofauti. Yule wa E tatu, ukichukua masomo mawili, ana pointi 2 tu. Hajafikia kiwango. Yule mwenye F, kwa D zake mbili, ana pointi 4. Amefikia kiwango kwa kozi inayopokea Historia na Kiingereza. Binti ambaye huenda ndiye aliyelia zaidi kwa sababu ya ile F ndiye mwenye haki ya kuomba shahada.

Jambo hilo hilo hutokea huko juu. Wasichana wawili wa PCB wana daraja la kwanza la pointi 9. Mmoja amepata A ya Fizikia, C ya Kemia na E ya Biolojia. Mwenzake amepata D ya Fizikia, C ya Kemia na B ya Biolojia. Tuseme kozi moja ya afya inadai mwombaji asipungue D katika Biolojia. Yule mwenye A ya Fizikia hana nafasi hapo hata kidogo, ingawa daraja lake ni la kwanza. Akiomba kozi inayotegemea Fizikia na Kemia, yeye ndiye atakayekuwa mbele ya mwenzake.

Kwa hiyo usiulize, "Mtoto wangu amepata daraja gani?" Uliza, "Kwa kozi hii, mtoto wangu ana nini?" Jibu hubadilika kila unapobadilisha kozi.

Nauli na kiti

Kosa la pili ni kudhani kwamba kufikia sifa ni kupata nafasi. Mama, unajua stendi ya mabasi ilivyo siku za kuelekea Krismasi. Nauli ikiwa ni fulani, kila mwenye fedha hiyo anaruhusiwa kwenda dirishani. Lakini basi lina viti vyake. Watu mia wakija na nauli kamili na viti ni sitini, arobaini watabaki na nauli zao mkononi.

Sifa za chini za kozi ni ile nauli. Zinakupa ruhusa ya kwenda dirishani. Kiti hutolewa kwa ushindani, na katika ushindani huo wenye pointi za juu hutangulia. Kozi ikiandikwa kwamba inataka pointi 6, usifikiri kwamba aliyechukuliwa mwisho atakuwa na pointi 6. Kama kozi inapendwa na viti ni vichache, wa mwisho kuchukuliwa anaweza kuwa na pointi za juu zaidi kuliko kiwango kilichoandikwa. Na kama kozi haipendwi, wa mwisho atakuwa pale pale kwenye kiwango, na viti vingine vitabaki wazi.

Zaidi ya hayo, siku hizi kufaulu kidato cha sita peke yake hakumtofautishi mtoto na wenzake. Mwaka 2023 na mwaka 2024 zaidi ya asilimia 99 ya watahiniwa wa shule walifaulu. Hiyo ni habari njema kwa taifa, lakini maana yake ni kwamba neno "amefaulu" halitoshi kupimia nafasi ya kozi yenye watu wengi.

Namna ya kupima

Tume hutoa kila mwaka vitabu viwili vya mwongozo wa udahili, kimoja kwa wahitimu wa kidato cha sita, kingine kwa wenye stashahada. Hupatikana katika tovuti ya Tume bila malipo, na mwenye duka la kompyuta mjini atakuchapia kurasa unazohitaji. Hakikisha ni kitabu cha mwaka huu, maana sifa hubadilika. Ndani yake kila kozi ya kila chuo imeandikwa pamoja na masomo inayotaka, pointi za chini na idadi ya nafasi.

Kaa na mtoto wako, mfungue kurasa, na kwa kila kozi anayoitaja mjibu maswali manne katika daftari.

La kwanza: masomo yanayotajwa anayo? Soma sentensi nzima hadi mwisho. Kozi nyingine zinataka masomo mawili, nyingine matatu. Nyingine zinadai alama fulani katika somo moja. Nyingine hurudi nyuma hadi kidato cha nne na kudai, kwa mfano, D ya Hisabati. Watoto wengi husoma mstari wa kwanza, wakafurahi, wakaacha sharti lililo mwishoni.

La pili: kwa masomo hayo tu, ana pointi ngapi? Usijumlishe somo lisilotajwa. Andika namba yake, na pembeni yake andika kiwango cha chini cha kozi.

La tatu: viti ni vingapi, na kozi inapendwa kiasi gani? Idadi ya viti imo kitabuni. Kuhusu kupendwa, piga simu ofisi ya udahili ya chuo chenyewe uulize wa mwisho kuchukuliwa mwaka uliopita alikuwa na pointi ngapi. Mtafute pia mwanafunzi aliyeingia kozi hiyo mwaka jana umuulize alikuwa na alama gani. Jibu la mwaka jana halikuhakikishii mwaka huu, lakini ni bora kuliko kubahatisha.

La nne: tutamlipia vipi? Chuo kinapompokea mtoto hakijampa mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ina fomu zake, masharti yake na tarehe zake. Mtoto anaweza kupata chuo akakosa mkopo, au akapata sehemu tu. Tafuteni ada ya kila kozi mnayoiandika, mkijua nyumbani mnaweza nini.

Tuchukue nyumba moja

Tumrudie yule binti wa PCB mwenye D ya Fizikia, C ya Kemia na B ya Biolojia. Tuseme tangu akiwa darasa la saba baba yake amekuwa akiwaambia wageni, "Huyu ndiye daktari wetu." Kila mtu katika ukoo analijua hilo. Matokeo yametoka, daraja la kwanza. Sasa binti ameketi kujaza maombi, na anaandika udaktari wa binadamu Muhimbili, udaktari Bugando, udaktari KCMC, udaktari Dodoma. Hakuna kingine.

Je, amekosea kuomba udaktari? Hapana. Kama sifa za chini anazifikia, ana haki ya kuomba, na aombe. Lakini ana pointi 9, na katika foleni ile ile wamesimama wenye 15, 14, 13 na 12. Udaktari ni miongoni mwa kozi zinazogombaniwa zaidi nchini. Kuandika vyuo vinne si kuwa na njia nne. Ni njia moja iliyoandikwa mara nne, kwa maana wale wenye pointi 13 nao wameandika vyuo hivyo hivyo.

Ningemshauri binti huyo agawe maombi yake katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la matumaini. Hapo aandike udaktari, katika chuo kimoja au viwili. Fungu la pili ni la kozi zinazolingana na pointi zake, ambako yeye hayuko mwisho wa foleni. Hapo aangalie uuguzi, sayansi ya maabara, afya ya mazingira, na tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Fungu la tatu ni la kozi ambazo pointi zake ziko juu kabisa ya kiwango na nafasi ni nyingi, kama vile ualimu wa sayansi au kozi za kilimo na lishe. Lakini kila kozi ajibu kwanza yale maswali manne.

Kuna sharti moja kwa fungu la tatu: asiandike kozi ambayo hataki kuisoma. Mtoto akiandikiwa kozi asiyoipenda ili tu "asikae nyumbani", huenda ndiyo atakayopewa. Atakaa miaka mitatu au minne akijuta, na wewe ukilipa. Tafuteni kitu kinachowezekana ambacho moyo wake unakikubali.

Mazungumzo haya si mepesi. Baba anaweza kusema, "Unamkatisha tamaa mtoto." Mama, umjibu kwa upole na daftari mkononi. Mwambie, "Baba, udaktari tumeuandika, tazama hapa. Lakini wakimkosesha, tumpeleke wapi?" Baba anayependa mwanawe akiona namba zimepangwa mstari kwa mstari hupoa. Kinachomkasirisha mzazi mara nyingi ni kushangazwa mwezi wa Septemba.

Nanyi akina shangazi na majirani, msimwite mtoto daktari kabla hajaingia chuo. Jina hilo humfanya aogope kuandika kitu kingine hata pale akili yake inapomwambia aandike.

Awamu na uthibitisho

Kati ya mwaka 2010 na 2017 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya Tume. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, na Tume huratibu. Kwa hiyo kaka yake aliyeomba mwaka 2012 anaweza kumwelekeza vibaya, ingawa kwa nia njema.

Udahili huenda kwa awamu. Aliyekosa awamu ya kwanza anaweza kuomba awamu inayofuata, lakini kwa kozi zilizobakiwa na nafasi. Kozi zinazogombaniwa mara nyingi hujaa mapema. Ndiyo maana kusema "ataomba udaktari kwanza, akikosa tutafikiri mengine" ni hatari. Wakati mnapoanza kufikiri, uuguzi nao umejaa.

Halafu kuna uthibitisho. Mtoto aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya siku zilizopangwa, kwa namba maalumu ya siri inayotumwa katika simu yake. Asipothibitisha kwa wakati anaweza kupoteza nafasi aliyoihangaikia miaka miwili. Basi hakikisheni namba ya simu iliyojazwa ni ya nyumbani kwenu, isiwe ya mwenye duka la kompyuta. Simu hiyo iwe na chaji, na ujumbe usomwe kila siku.

Na mtu akikuambia kwamba anamjua mtu ofisini, na kwa kiasi fulani cha fedha ataingiza jina la mwanao, mwambie ahsante na ufunge mlango. Pointi za mtoto ziko katika kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Fedha yako haiwezi kuigeuza D kuwa B.

Kama pointi hazitoshi

Yule binti wa E tatu tumwambieje? Tusimwambie kwamba shule imekwisha. Iko njia ya stashahada. Anaweza kuingia chuo cha kati kinachotambuliwa, akasoma ualimu, afya, uhasibu au ufundi, kwa kufuata sifa za kozi hiyo. Akimaliza kwa wastani wa 3.0 au zaidi anafikia kiwango cha jumla cha kuomba shahada, akitimiza pia masharti ya kozi husika. Atachelewa, lakini atafika akiwa na kazi mkononi, na hilo si jambo dogo kwa msichana.

Iko pia Programu ya Msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa wale waliokaribia kiwango wasikifikie. Na mwingine anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kabla ya kurudia, jiulizeni ni somo gani lililomwangusha na kwa nini. Akirudi kusoma vile vile alivyosoma, atapata kile kile alichopata.

Wako pia wasomaji wanaosoma ukurasa huu huku wao wenyewe wakitamani kurudi chuoni baada ya kulea. Mama, cheti chako cha zamani kina thamani. Uliyemaliza kidato cha sita kabla ya mwaka 2014 unahesabiwa kama watoto wa leo: pointi 4 kwa masomo mawili, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. Uliyemaliza mwaka 2014 au 2015, alama zilikuwa za mpangilio mwingine wenye B+. Kwenu A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1, kwa hiyo C mbili ndizo zinazofikisha pointi 4. Usiichukue C yako ya mwaka 2014 ukaihesabu kuwa 3.

Kwa wasomaji wa Kenya

Ndugu zetu wa Kenya wana mtihani wao wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, lakini somo ni lile lile. Kule A ni pointi 12 na E ni 1, na masomo saba hufanya jumla ya juu kabisa ya 84. C+ ya wastani ndiyo inayomruhusu mtoto kuomba shahada. Hiyo ndiyo nauli. Kiti hutafutwa kwa masomo manne yanayohusika na kozi, na kila kozi ina masomo yake. Wasichana wawili wenye B ya wastani wanaweza kuwa mbali sana katika foleni ya uhandisi, ikiwa mmoja ameipata B hiyo kwa Hisabati na Fizikia na mwingine kwa lugha na historia.

Katika KCSE ya mwaka 2024 watahiniwa zaidi ya 246,000 walipata C+ au zaidi, na waliopata A kamili walikuwa 1,693. Tazama umbali uliopo kati ya namba hizo. Mwenye C+ ana haki ya kuomba, lakini asijaze maombi yake kana kwamba wale wa juu hawapo.

Neno la mwisho kwa ajili ya binti

Nimesema mengi juu ya namba, kwa sababu mzazi asiyezijua humwacha mtoto aingie gizani peke yake. Lakini namba hizi zina mpaka wake. Zinaeleza mtoto aliandika nini katika karatasi wakati wa mtihani. Hazielezi alisoma kwa kibatari au kwa taa, alikuwa na mwalimu wa Fizikia au hakuwa naye, alichota maji kabla ya shule au aliletewa chai mezani. Vyuo vyenyewe vimelitambua hilo. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha masomo ya awali kwa wasichana waliopungukiwa pointi kidogo katika sayansi, ili waongezewe msingi kabla ya kujiunga.

Kwa hiyo mwanao akileta matokeo, ya vigelegele au ya kimya, mpe chakula kwanza. Mwache alale. Usimlinganishe na mtoto wa jirani mbele yake. Kesho yake asubuhi, chukueni daftari, andikeni masomo matatu na alama zake, zigeuzeni kuwa pointi za chuo, kisha anzeni kozi ya kwanza, swali la kwanza. Mkifika kozi ya sita au ya saba mtakuwa mmejua mtoto anasimama wapi, naye atakuwa amejua kwamba katika foleni hiyo hakusimama peke yake.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya bajeti ya mwaka wa kwanza chuoni: godoro, ndoo, nauli, na fedha ya mfukoni isiyomharibu mtoto. Hadi hapo, kaa salama.